Mbwa wa manyoya marefu: fundi ao nyumbani?

Dada, umeuliza kama berje aleman wako, yule mbwa mchungaji wa Kijerumani, anahitaji fundi wa kumwosha na kumchana, ao utamtunza mwenyewe. Mwenyewe unaweza kabisa. Hapa Goma, na hili vumbi jeusi la volkano, brosi ina kazi kubwa kuliko maji. Mchane akiwa bado mkavu, maana manyoya yaliyosokotana yakilowa yanakaza zaidi. Sabuni ya kufulia hapana, shampuu ya watu pia hapana: ngozi ya mbwa haina asidi kama yetu, itakauka na kumwasha. Na wale wanaopaka petroli kuua viroboto, jamani, ile ni sumu, na mbwa hujilamba! Suuza mpaka povu liishe, mkaushe mpaka ndani.

Fundi mlipe kwa kukata kucha nyeusi, kwani mshipa wa damu ulio ndani hauonekani, na kwa mafundo yaliyoshika ngozi. Mkasi wako utamkata. Ila fundi akitaka kumnyoa mwili mzima sababu ya joto, kataa. Manyoya yake ya tabaka mbili humkinga na jua. Kanishi, mbwa wa nywele za kujisokota, ndiye habari nyingine: nywele zake hazikomi kukua, huyo fundi hamkwepi.