Tembo wangu wote wako katikati

SWALI: Shikamoo mwalimu. Agosti nilikwenda Tarangire, nikapiga picha nyingi za tembo. Zote zimepoa, kama picha za pasipoti. Nakosea wapi?
Msomaji, Babati

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zile sita ulizonitumia nimezitazama moja moja. Washa mistari ya kugawa kioo cha kamera: miwili wima, miwili mlalo. Mweke tembo karibu na inapokutana, na upande anaoelekea uache nafasi. Anayetembea anahitaji njia mbele yake. Ile ya mbuyu imeniuma kweli, maana mwanga ulikuwa mzuri mno, lakini wewe umekata ncha ya mkonga. Ungepunguza kuvuta lenzi, mbuyu wote ungeingia na ukubwa wa tembo ungeonekana.

Tena, umepiga ukiwa umesimama, kichwa nje ya paa la gari. Ndiyo maana yule ndama anaonekana kama amezamishwa kwenye nyasi. Kaa, shusha kamera hadi dirishani, iegemeze juu ya kifuko cha mchele (mimi hushona cha kilo moja), mwombe dereva azime injini, kisha lenga jicho. Usishuke garini. Subiri ndama ainue kichwa. Mimi nimewahi kusubiri dakika arobaini kwa picha moja, na ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwangu.