Mbalamwezi ilinionyesha ndugu zangu

Mume wangu alipofariki, ndugu zake walibeba godoro, redio na mtungi wa gesi hata arobaini haijafika. Kwetu Sengerema nako waliniambia nirudi, ila watoto niwaache kwa ukoo wa baba yao. Nikabaki Kirumba, Mwanza, na wanangu wawili na meza ya dagaa soko la Mwaloni.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka sana taa haziwavuti, wavuvi wanapumzika, na sokoni mzigo unakauka. Mbalamwezi ya kwanza ya ujane wangu nilijifungia chumbani kwa aibu. Jioni mama wa meza ya pili akagonga, amebeba sufuria ya ugali na sato, imefungwa kwa kanga. Akaketi kitandani, akawamegea watoto, kisha akaniambia: "Mdogo wangu, siku nyingine usingoje mpaka nikuone macho."

Kwa hiyo wewe uliye mbali na kwenu, au uliyefukuzwa kwenu, anza kuomba vidogo mapema. Omba chumvi. Omba akuangalizie mtoto nusu saa. Na ukubali kuombwa, hata siku umechoka. Mimi mwanzoni nilikuwa mpokeaji tu, nikaanza kumkwepa kwa kuona deni. Siku aliponiomba nimlindie meza akampeleke mwanawe kliniki, ndipo nilipopumua.

VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, pia vinasaidia, hasa ule mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa. Lakini usichague kikundi kwa gawio la mwisho wa mwaka. Uliza: mwenzao akilazwa, nani huenda? Nilipofanyiwa upasuaji, wenzangu walilala hospitali kwa zamu, wakaniletea uji kwenye chupa ya chai, na mmoja akanifulia kanga zangu zenye damu. Kanga hizo sikuwahi kumpa hata mdogo wangu wa tumbo moja azifue.

Jambo moja watu hulisahau: ukifa bila wosia, huyu dada uliyempata sokoni hana sauti mbele ya ukoo. Andika. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuandika wosia na wanautunza. Wangu unasema watoto walelewe na mama wa meza ya pili, na nimemwambia mama yangu mzazi mapema, ana kwa ana. Alilia. Mwezi uliofuata alikuja Mwanza, akamletea mwenzangu kuku.