Filamu ya kauboi isiyo na haraka: pima shoti kwa kazi

Wengi wakitaka filamu ya polepole huanza kwa kuiacha kamera ilikodolee macho jangwa kwa dakika nzima. Mtazamaji anashika simu. Mwendo wa filamu ya namna hii hautoki kwenye mandhari, unatoka kwenye kazi inayofanyika mbele ya kamera na muda ambao kazi hiyo inaudai.

Tazama filamu ya Meek's Cutoff (2010), iliyoongozwa na Kelly Reichardt, kuhusu familia tatu za wahamiaji waliopotea katika nyika ya Oregon, Marekani, mwaka 1845. Emily, anayechezwa na Michelle Williams, anakutana ghafla na mtu asiyemjua, anakimbilia gobore. Anafyatua mara moja. Ili afyatue tena hana budi kuanza upya: baruti, risasi, ufito wa kushindilia, na fataki ya kuwashia baruti. Kamera imekaa mbali, imetulia. Kwa gobore, hata mwenye mkono mwepesi hutumia sekunde ishirini hivi au zaidi, na hofu yote imo humo. Ukikata hapo ili kuokoa muda, umeitupa hofu yenyewe.

Basi kabla ya kupiga picha, mpe mwigizaji kazi halisi, airudie hata mikono izoee, kisha ishikie saa. Ikichukua sekunde 40, shoti yako, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ni sekunde 40. Ikikuchosha, usiikate katikati. Anza shoti kazi ikiwa imefika nusu, au tafuta kazi nyingine.

Kazi ikiwa ni kubeba maji, ndoo ijazwe kweli. Ya lita 20 ina kilo 20 za maji peke yake, na bega huinama lenyewe bila kuambiwa. Ikiwa ni nzito mno, weka nusu, lakini tupu kamwe: anayebeba ndoo tupu huigiza uzito kwa uso, na uso ndio unaomuumbua.

Fremu ya Reichardt, yaani umbo la picha yake, ni 1.37 kwa 1 (upana kwa kimo), karibu mraba, wakati filamu nyingi za kauboi hupenda upana. Katika fremu pana ungeliona jangwa la kesho. Hapa, kama wale wanawake wa filamu waliovaa kofia zenye ukingo mrefu, unaona hatua chache tu za mbele.

Usiku ndiko wengi wanakoharibu. Kamera ikijipangia mwanga yenyewe, giza hugeuka kijivu chenye chenga. Funga mipangilio kwa mkono, kisha isogeze taa karibu na uso; ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga huongezeka mara nne. Kinachobaki gizani kiache gizani.

Sauti nayo. Katika filamu hiyo, wanaume wanapokata shauri kando, wanawake wanasikia vipande tu, nasi pia. Maikrofoni basi ikae anaposimama mwanamke, si wanapozungumza wanaume, na muziki usiwekwe kuziba mapengo. Gurudumu la gari la ng'ombe likilia, usilipake mafuta.