Sikitita inainamisha matawi: nikate?

SWALI: Mizeituni yangu chotara ya Sikitita ina miaka minne. Matawi yananing'inia hadi kugusa udongo. Mwaka jana ilizaa sana, mwaka huu maua ni ya kuhesabu. Nimekosea wapi?

JIBU: Kuinama si ugonjwa. Sikitita ilizalishwa Córdoba, Hispania, kwa kuchavusha aina ya mzeituni iitwayo Picual kwa chavua ya aina nyingine, Arbequina, na umbo lake ndilo hilo: mti mfupi, matawi ya kulegea, huzaa mapema. Ndiyo maana hupandwa kwa kubanana, takriban mita 4 kati ya mistari na mita 1.5 kati ya miche.

Usipunguze ncha, utachochea machipukizi yasiyozaa. Ondoa matawi yote yaliyoota kwenye shina chini ya sentimita 60, ukikata pale yanapoanzia. Zeituni za huko chini mashine ya kuvuna haizifikii, na majani yanayogusa udongo unyevu hushika magonjwa ya kuvu. Shina kuu lifunge kwenye kigingi, lakini kamba isibane: kidole kipite. Kata siku kavu, maana bakteria wanaosababisha ugonjwa wa vinundu kwenye matawi hupenya kwenye jeraha bichi lenye maji.

Kuhusu maua: mzeituni huchanua kwenye vijiti vilivyoota mwaka uliotangulia. Mzigo wa mwaka jana ulinyima vijiti nafasi ya kurefuka. Pima sasa, vikiwa vifupi kuliko kiganja, jibu umelipata. Msimu wa mzigo mkubwa vuna mapema, wala usikatize maji kiangazi.