Programu "haiunganishi" au "haiungani" na kanzidata?

Msomaji wa Sinza, Dar es Salaam, anauliza: "Kwenye ripoti niliandika 'Kontena ya programu haiunganishi kwa kanzidata, localhost:5432'. Bosi akaipiga mstari mwekundu bila maelezo. Kosa liko wapi?"

Kwanza lile dogo. Kontena ni la ngeli ya li-ya, kama linavyotajwa bandarini Kurasini: kontena la futi 20, makontena yamefika. La kwenye kompyuta, yaani kisanduku kinachoendesha programu kikiwa kimetengwa na nyingine, halina ngeli yake ya pekee.

Kosa kubwa ni kitenzi. "Unganisha" ni kauli ya kutendesha, hudai kitu cha kuunganishwa. Fundi huunganisha programu na kanzidata. Programu yenyewe huungana nayo. Na kwa kuwa kuungana ni jambo la pande mbili, hufuatwa na "na". Hiyo "kwa" haina kazi hapo. (Kanzidata au hifadhidata? Zote zinatumika, ila usizichanganye ndani ya ripoti moja.)

Lakini nadhani mstari mwekundu ulilenga pia localhost, na hapo viashiria vyetu vya mahali vinaeleza tatizo lenyewe. Localhost ni mashine kujitaja yenyewe. Ukiiandika kwenye laptopu, maana yake ni "hapa". Ikisomwa na programu iliyo ndani ya kontena, maana yake ni "humu", yaani ndani ya kontena hilohilo. PostgreSQL, yaani hiyo kanzidata, haimo humu. Imo mle, katika kontena la jirani. Programu inabisha hodi poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) 5432 ya kwake mwenyewe, hakuna anayeitika, muunganisho unakataliwa.

Dawa ni kuandika jina la huduma kama lilivyo kwenye faili la Docker Compose, linaloorodhesha makontena yanayoendeshwa pamoja. Kama umeiita db, anwani ni db:5432. Angalia na namba za poti: faili likisema "5433:5432", ya kushoto ni ya kuingilia kutoka kwenye laptopu, ya kulia ni ya ndani ya kontena. Kontena likiongea na kontena hutumia ya kulia, na wengi hunasa hapo kwa kuandika db:5433.

Ripoti yako basi isomeke: "Kontena la programu haliungani na kanzidata kwa sababu linaitafuta humo humo lilimo, badala ya db, poti 5432." Poti, tafadhali, wala si "bandari" kama baadhi ya tafsiri za mashine zinavyopenda.