Mshubiri pori kwenye bustani ya nyuki: maswali yenu kutoka Kanda ya Ziwa

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu mshubiri pori, hasa ule ambao wataalamu huuita Aloe secundiflora. Huchanua mvua zikishakatika, wakati nyuki na ndege chozi hawana pa kula.

Nimeuziwa mche kitaluni nikaambiwa ni mshubiri wa kienyeji. Nitajuaje? (Nyegezi)

Subiri ua. Aloe vera, ambayo asili yake ni Arabuni na ndiyo imejaa vitaluni, hutoa maua ya manjano. Huu wa kwetu hutoa bua lenye matawi, refu kama mita 1 hadi 1.5, na maua yake mekundu-waridi huelekea upande mmoja wa tawi. Kama huwezi kusubiri, angalau hakikisha hujauziwa ndugu wa mkonge: vunja jani, na ukikuta nyuzi ngumu ndefu, rudisha. Huyo huchanua mara moja kisha anakufa.

Tafadhali usiende kung'oa vilimani. Omba machipukizi kwa jirani, au otesha mbegu.

Nilipanda machipukizi manne. Nimeweka samadi ya kutosha na kumwagilia kila siku, lakini yote yameoza. Tatizo nini? (Misungwi)

Samadi na maji hayo hayo. Mshubiri unaokufa mikononi mwa mkulima kwa kawaida haufi kwa kiu.

Anza upya hivi. Chagua chipukizi lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ulitenge na mama kwa kisu kisafi. Liweke kivulini siku 4 hadi 7, mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi ngumu. Ukilipanda kidonda kikiwa kibichi, vimelea vya udongo huingia hapo na kuoza huanzia chini, ndiyo maana juu huoni kitu hadi siku mche unapolala. Changanya sehemu 2 za mchanga wa chengachenga, 1 ya udongo wa shambani na nusu ya mboji iliyoiva kabisa. Panda shina likiwa juu kidogo ya usawa wa ardhi, kisha zungushia kokoto ili majani ya chini yasilalie udongo wenye unyevu.

Usimwagilie wiki ya kwanza. Baada ya hapo lita 1 kila baada ya siku 10 hadi 14 inatosha, mpaka uone jani jipya katikati. Mimina pembeni ya shina, kamwe si kwenye moyo wa mche. Ukishapita mwaka wa kwanza, mvua za vuli na masika zinautosha.

Urea achana nayo. Majani yatanenepa na kulainika, vidukari watafurahi, maua utayasubiri sana. Na majani yakigeuka mekundu-kahawia kiangazi usishtuke, ni jua tu. Dalili mbaya ni shina kuwa laini na majani ya chini kuonekana kama yamechemshwa. Hapo ng'oa, kata mpaka ufike kwenye nyama safi, kausha tena, panda upya.

Udongo wangu ni mbuga nyeusi. (Magu)

Usichimbe shimo ukalijaza mchanga. Maji ya masika yatakusanyika humo na umetengeneza ndoo. Panda juu: tandaza mawe, kisha inua tuta la mchanga na kokoto lenye kimo cha sentimita 40 na upana wa mita 1. Mbuga ikipasuka kiangazi, mizizi iliyo ndani ya tuta haitakatika. Wenye vichanga vya kando ya mawe, kama sehemu nyingi za Mwanza mjini, hamhitaji kazi hii.

Mshubiri wangu unachanua, nyuki wanakuja, lakini mbegu hakuna. (Kirumba)

Mishubiri mingi haijichavushi. Chavua yake yenyewe haiufai, na machipukizi ya mama mmoja yote huhesabika kama mche mmoja. Tafuta mwingine kutoka chanzo tofauti. Panda kundi la mishubiri 5 hadi 7, sentimita 60 hadi 80 kati ya mmoja na mwingine. Nyuki nao hupenda maua yaliyokusanyika.

Chuma matunda yakiwa ya kahawia, kabla hayajapasuka. Sia kwenye mchanga, funika milimita 2 au 3 tu, weka penye nusu kivuli. Huota ndani ya wiki 2 hadi 4, lakini maua ni miaka 3 hivi au zaidi. Kama jirani ana mishubiri ya aina nyingine inayochanua pamoja na wako, tegemea watoto machotara.

Bua la maua limevimba manundu yasiyoeleweka. (Ukerewe)

Ni utitiri, mdogo kiasi kwamba macho hayauoni, na huletwa na upepo. Kata sehemu hiyo ukiacha nafasi ya kutosha chini ya uvimbe, choma moto, usitupe kwenye mboji, na usafishe kisu kwa spiriti. Dawa nyingi za wadudu wa bustani haziugusi. Vijigamba vyeupe kwenye majani ni tatizo dogo: sugua kwa mswaki na maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1, kisha suuza.

Napiga dawa nyanya zilizo jirani na mishubiri. Nifanyeje? (Igoma)

Piga jioni nyuki wakisharudi, upepo ukiwa umetulia, na usiguse bua lenye maua. Dawa zenye imidaklopridi zisikaribie kabisa: mmea huzifyonza na kuzifikisha hadi kwenye nekta, hivyo kupiga jioni hakusaidii.

Maua ya mshubiri yakiisha, nyuki wale nini? (Buhongwa)

Panda kivumbasi pembeni na ukiache kichanue. Maua yakikauka punguza theluthi moja ya matawi, kitachipua tena. Weka pia sahani ya maji yenye mawe ya kutua, maana nyuki huzama.

Mbuzi wataula? (Sengerema)

Majani ni machungu, wengi huyaacha. Bua changa la maua ndilo hawaliachi. Zungushia miiba mara tu likichomoza.