Kupandisha toleo la programu kwenye swichi za mbali: jua kwanza umesimama kwenye laini gani

Ndugu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umeajiriwa juzi Kakamega, mteja ana swichi kumi na moja (visanduku vinavyounganisha vifaa vya mtandao) zilizotawanyika kuanzia mjini hadi Mumias na Butere, na mkubwa wako anataka zote zipandishwe toleo jipya usiku wa Jumamosi hii, wewe ukiwa ofisini. Unauliza kama inawezekana bila kwenda kwenye minara ziliko.

Inawezekana. Nimeifanya kazi hiyo kutoka Kisumu kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini kumi na moja kwa usiku mmoja usikubali, hata ukiambiwa wenzako wanafanya. Ngoja nikupe habari za usiku mmoja ulionifundisha.

Ilikuwa Aprili, masika yameshika. Swichi yenyewe ni Catalyst 2960 ya Cisco, iko kwenye kibanda cha mnara juu ya kilima upande wa Maseno. Flashi yake, yaani hifadhi ya faili ndani ya swichi, ni MB 32. Nilipoandika dir flash:, amri ya kuorodhesha faili zake, nikakuta nafasi iliyobaki haitoshi faili mpya, ambayo ilikuwa kama MB 12. Nikafuta programu ya zamani ili nipate nafasi. Sikuona ubaya wowote, maana swichi iliendelea na kazi. Programu ikishapakiwa huendeshwa kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, haiitegemei tena ile faili iliyo kwenye flashi. Hatari imejificha hapo. Ukiifuta, hakuna taa inayobadilika rangi na hakuna mteja anayepiga simu. Kila kitu ni shwari mpaka swichi izimike.

Nikaanza kuvuta faili mpya kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili, kupitia redio ya mnara. TFTP hutuma baiti 512, husubiri jibu, ndipo itume nyingine 512. Alama za mshangao zilikuwa zinatokea mojamoja kwenye skrini, kila moja ni pakiti kumi zilizofika. Huku nje radi zinapiga upande wa ziwani. Saa nne kasoro za usiku alama zikasimama. Stima ya kule kilimani ilikuwa imepotea. UPS ya kibanda (betri ya akiba) ilikuwa imewaka taa ya kijani miezi yote, lakini betri zake zilikuwa zimekufa kitambo, na hakuna aliyewahi kuijaribu kwa kuchomoa waya ukutani. Stima ilirudi baada ya nusu saa hivi. Swichi haikurudi.

Alfajiri nikapanda kilima kwa boda boda, barabara yote ni matope. Mzee anayelinda kibanda akanifungulia kufuli, ameshika simu kwa meno animulikie. Taa ya SYST, ile ya hali ya swichi, ilikuwa inapepesa kijani bila kutulia, na taa za poti zote zimezima. Nikachomeka kebo ya konsoli, ile ya kuunga laptopu moja kwa moja kwenye swichi, nikabonyeza Enter, likaja neno moja tu: switch: na nukta zake mbili. Kile kiprogramu kidogo cha kuwashia kimetafuta programu ya kupakia, kimepata nusu faili, kimesimama hapo kinanisubiri mimi.

Pale njia iliyobaki ni Xmodem, yaani kusukuma faili kupitia kebo ya konsoli yenyewe. Konsoli huja ikiwa na kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Piga hesabu: hizo ni kama baiti 960 kwa sekunde, na faili ni MB 12. Nilikaa kwenye kile kibanda kwa muda wa karibu saa nne, laptopu nimeiunga kwenye betri ya gari tuliyoazima, nikiogopa hata kuigusa kebo. Sikujua wakati huo kwamba ningeandika set BAUD 115200 kwanza, nikabadilisha kasi upande wa laptopu pia, nikamaliza kwa dakika kama 20. Andika amri hiyo kwenye karatasi uibandike ndani ya mfuniko wa laptopu yako.

Chini ya kile kilima kuna zahanati iliyokuwa inatumia laini hiyo kusajili wagonjwa. Nikishuka nilipita kuomba radhi. Karani alikuwa anaandika kwa mkono, akanionyesha daftari: majina arobaini na kitu, na yote angeyaingiza upya kwenye kompyuta mchana ule. Alinipa maji ya kunywa. Sijalisahau lile daftari.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye. Flashi haikuwa imejazwa na programu. Ilijazwa na folda ya kurasa za wavuti za kusimamia swichi, ambazo kwetu hakuna aliyezitumia hata siku moja. Ningefuta hizo, programu mbili zingekaa pamoja bila kusukumana.

Kwa hiyo programu inayoendesha swichi leo isiguswe mpaka mpya iwe imewaka, imefanya kazi, na siku kadhaa zimepita. Kwenye 2960 unaweza kuorodhesha faili mbili kwenye amri ya boot system, mpya kwanza halafu ya zamani, umezitenganisha kwa nukta mkato. Faili ya kwanza ikikataa kupakika, swichi inashika ya pili yenyewe. Lakini elewa mpaka wa kinga hiyo: inakuokoa faili ikiwa imeharibika au haipo. Programu mpya ikiwaka vizuri kisha ikakosea kazi, swichi haina namna ya kujua. Hiyo utairudisha wewe, na utairudisha kwa mkono kama laini yako bado iko hai.

Sasa tuje kwenye laini, maana hili ndilo ambalo ningetaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Kabla ya kugusa kitu, chukua karatasi uchore njia kutoka kwenye laptopu yako hadi kwenye kila swichi. Weka kila redio na kila poti, na uandike stima ya kila kimoja inatoka wapi. Utashangaa. Redio nyingi za minara hupata umeme kwa PoE, yaani kupitia kebo ileile ya mtandao, kutoka kwenye swichi unayotaka kuizima na kuiwasha. Ukiiwasha upya, redio inazima nayo, na wewe uliyekuwa unapita juu yake umekatika. Mara nyingi inarudi baada ya dakika tano. Usiku ambao haitarudi, unatakiwa uwe umeshajua ni nani ana ufunguo wa kibanda, na bodaboda gani atakubali kukupeleka saa tisa usiku.

Mchoro huo ndio utakaokupa mpangilio. Anza na swichi ya mbali kabisa, rudi ukija kwako. Ukianza na ya karibu ikakwama, zote zilizo nyuma yake umezipoteza kwa mpigo mmoja. Na usiwashe upya swichi ya katikati wakati ya mbele bado inavuta faili.

Jambo jingine kuhusu laini. Kabla ya kuwasha upya, linganisha konfigi (mipangilio ya swichi) inayotumika na ile iliyohifadhiwa. Kwenye kiungo kimoja cha kwenda Luanda, kijana mwenzangu alikuwa ameongeza VLAN, mtandao uliotengwa ndani ya mtandao, kwenye poti ya redio wiki mbili kabla, hakuhifadhi. Nilipotoa amri ya reload, ya kuwasha upya, swichi iliniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Nikajibu hapana, nikidhani najikinga na kosa la mtu mwingine. Ikawaka na konfigi ya zamani, na ile VLAN iliyokuwa inabeba usimamizi wa swichi za mbele haikuwemo. Swichi ilikuwa nzima na toleo jipya limewaka bila kasoro, lakini mimi niko nje. Siku hizi swali hilo likija na mimi silitarajii, nasimama. Naghairi, naangalia nini kimebadilika, nani alibadilisha, ndipo naendelea.

Nakala ya konfigi iweke nje ya swichi, hilo unalijua. Wengi hawajui kwamba kwenye Catalyst nakala ya konfigi peke yake haitoshi. Swichi ikiwa katika hali ya seva ya VTP, huduma ya kusambaza orodha ya VLAN kati ya swichi, ambayo ndiyo hali inayokuja nayo kutoka kiwandani, orodha ya VLAN haikai ndani ya startup-config, ile konfigi iliyohifadhiwa. Inakaa kwenye faili inayoitwa vlan.dat ndani ya flashi. Ukipangusa flashi kwa pupa, orodha nzima imekwenda nayo. Chukua nakala yake pia.

Faili ikishafika, ihakiki hapohapo ndani ya swichi kwa verify /md5, amri inayotoa namba ya utambulisho wa faili, uilinganishe na namba iliyo kwenye ukurasa ulikopakua. Usiilinganishe na faili iliyo kwenye laptopu yako pekee, kwa maana hata hiyo inaweza kuwa imekatika ilipokuwa inapakuliwa. Nilipokuwa Nakuru tulihangaika jioni nzima na faili kubwa iliyokuwa inakatikia MB 32 kila mara. Shida ilikuwa TFTP ya zamani: kihesabu chake cha pakiti kina biti 16, kinafika 65,535, na kila pakiti ni baiti 512. Zidisha utaiona hiyo MB 32. Faili za siku hizi za IOS XE, programu ya swichi mpya za Cisco, ni mamia ya MB, kwa hiyo tumia SCP au HTTP, njia nyingine za kuhamisha faili, au mtu aliye kule achomeke flashi diski. Kuvuta faili kufanyike mchana, siku moja au mbili kabla. Usiku ubaki wa kuwasha upya tu.

Kama kati ya hizo kumi na moja zipo Catalyst 9300 zilizo katika hali ya install, ambapo programu hukaa kwa vifurushi, unayo kinga nzuri zaidi. Ukienda hatua kwa hatua, install add, kisha install activate, saa inaanza kuhesabu, kwa kawaida dakika 120. Usipoandika install commit ndani ya muda huo, swichi inajirudisha yenyewe kwenye toleo la zamani. Kwa mtu aliye mbali hiyo ni neema, kwa sababu ukifungiwa nje inakurejeshea mlango. Ila kumbuka kufunga kazi. Niliwahi kumaliza saa saba usiku, kila kitu kinafanya kazi, nikalala nimefurahi bila commit. Saa tisa swichi ikazima, ikarudi kwenye toleo la zamani, na simu ikaanza kulia. Tena, matoleo mengine huja na programu ya vipande vya ndani ya swichi, na kuwaka kunachukua dakika nyingi kuliko ulivyozoea. Ukiona imechelewa, usimwambie mtu achomoe waya.

Za MikroTik, kampuni nyingine ya vifaa, nitapita haraka: RouterOS (programu kuu) na RouterBOOT (ya kuwashia) ni vitu viwili. Ukishapandisha ya kwanza, bado kuna /system routerboard upgrade na kuwasha upya mara ya pili. Wengi huishia hatua ya kwanza. Kwa minara chagua mkondo wa long-term, wa matoleo yaliyotulia.

Kuhusu saa: usiku wa manane umezoeleka, lakini huku kwetu kipindi hiki angalia anga kwanza. Mvua zetu hupenda alasiri na jioni, na radi zake unazijua. Mimi huanza saa tisa usiku, mvua ikiwa imekwisha kupita. Hata ikikwama, bado nina muda wa kufika kilimani kabla watu hawajafungua kazi. Na waambie walio upande wa pili. Kama kuna wodi au kituo cha afya kwenye laini hiyo, mpigie muuguzi wa zamu mwenyewe, mwambie simu za mezani zitanyamaza kwa dakika kadhaa kuanzia saa fulani. Usitegemee barua pepe iliyotumwa kwa meneja.

Ikishawaka, usiridhike na ping, kipimo cha kuona tu kama swichi inajibu. Kabla hujaanza hifadhi matokeo ya show interfaces status (hali ya poti), show cdp neighbors (vifaa jirani), show power inline (umeme wa PoE) na hesabu ya anwani za MAC za vifaa vilivyounganishwa, kisha uyalinganishe na ya baadaye mstari kwa mstari. Poti iliyokuwa hai jana na leo imelala ina mtu nyuma yake. Asubuhi mpigie mtu mmoja dukani au kaunta umuulize kama malipo ya M-Pesa yanapita.

Mkubwa wako anaweza kukuuliza, basi kwa nini tusiziache zilivyo? Hapo niko upande wake. Machi 2018 Cisco ilitangaza udhaifu katika Smart Install, huduma ya kusanidi swichi mpya kwa mbali inayosikiliza kwenye poti ya TCP 4786. Aprili mwaka huohuo swichi nyingi za Urusi na Iran zilifutwa konfigi na kuachiwa mchoro wa bendera ya Marekani. Swichi za 2960 ambazo hazijaguswa kwa miaka bado ziko kwenye vibanda vyetu. Kwa hiyo toleo lipandishwe. Na kabla ya hiyo Jumamosi, leo hii, andika no vstack, amri ya kuzima Smart Install, kwenye kila swichi isiyoihitaji, uhifadhi. Hiyo haihitaji kuwasha upya.

Mwombe akupe hivi: Jumamosi hii swichi moja tu ya majaribio, ya mjini, unayoweza kuifikia kwa miguu. Ikae wiki nzima na toleo jipya. Wiki inayofuata mbili za mbali kabisa, na mtu wenu awe amelala karibu na Butere akiwa na kebo ya konsoli mkononi. Zikitulia, zilizobaki zigawe mara mbili, nnenne. Ukirudi hapa tuwekee show version na dir flash: za kila moja, ufiche anwani na majina ya mteja, tukuangalilie ni zipi zina nafasi ya programu mbili na zipi zimejazwa na ile folda ya kurasa za wavuti.